Salamu Tatu Mlangoni kwa Ayeyo

Ayeyo alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Blanketi, msala, birika la udhu, vyote ndani ya mfuko mmoja wa nailoni uliowekwa ukutani. Mwanawe wa kiume angekuja kumchukua ampeleke Nairobi, na safari hii hakukataa. Hilo ndilo lililonitia hofu, maana mwaka mzima alikuwa akimjibu kwa ukali kila alipolitaja jambo hilo.

"Watu ya hapa imenichoka," aliniambia. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na ndivyo tulivyomwita sote tuliopanga kwake mtaani Iftin, hata mimi mzaliwa wa Tana nisiye na tone la damu ya ukoo wake. Masikio yalimwisha taratibu, mpaka ikawa lazima umkabili uso kwa uso akusome midomo. "Hakuna mtu nakuja kwangu tena. Nikae na nani?"

Nilikasirika, wallahi, kwa sababu ukweli niliujua. Siku moja nilibaki nyumbani na homa, nikasikia mtu mlangoni: "Asalamu aleikum." Mara ya pili. Mara ya tatu. Kisha kandambili zikaondoka. Hiyo ndiyo adabu ya huku: unasimama kando ya mlango, unatoa salamu tatu, usipojibiwa unarudi zako bila kinyongo. Kugonga hugongi, kwani wewe askari? Nilipojikokota hadi nje, njia ilikuwa tupu. Kumbe watu walikuwa wakija, na sisi wengine kutwa tuko sokoni! Nilimweleza Ayeyo. Akanipapasa shavu, akasema, "Wewe nabembeleza mimi tu."

Binti yake, ambaye ni fundi wa simu, naye nilimweleza. Kesho yake alirudi na kipande cha ukubwa wa kidole kinachohisi mtikisiko, relei, betri, na mota ndogo aliyoing'oa kwenye printa iliyokufa. Relei, alinieleza, ni swichi inayojibonyeza yenyewe: kihisi kikitikiswa kinaiamsha, nayo inaipelekea mota umeme. Mota akaifunga bolti upande mmoja tu ili ikizunguka iyumbe, halafu akaikaza chini ya kigoda cha mama yake; kihisi akakibandika kwenye mlango wa bati. Mimi nikawa saidia fundi.

"Futa hiyo waya!" aliniamrisha akiwa upande wa pili wa ukuta.

Nikaifuta kwa leso yangu.

"Futa, dada! Umelala?"

"Nimeifuta mpaka inang'aa!"

Nikasikia kicheko. Alitaka niivute. Miaka yote hiyo niliyokaa nao, v na f zao bado zinanipiga chenga.

Tulipoiwasha, mota ilizunguka bila kukoma ilhali mlango umetulia tuli. Alikuwa ameichomeka waya kwenye tundu la kinyume la relei. Akaihamisha. Nikaupiga teke mlango wa bati, kigoda kikatetemeka, Ayeyo akaruka: "Audhubillahi! Iko jini kwa kiti!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikasema tumeshinda.

Tumeshinda nini! Kigoda hakikutikisika ila pale mbuzi wa mtaa walipokuja kujikuna kwenye bati. Kila mara Ayeyo alitoka mbio mbio akijitanda shela, akakuta mbuzi. Sura yake akirudi ndani iliniuma sana. Na kosa tulilifanya sisi, watu wa palepale: nani angeugusa ule mlango? Salamu haitikisi bati.

Nikashauri tubandike tangazo, watu wagonge kwa nguvu. Binti akanitazama kama nimemtukana.

"Nifundishe wazee adabu mpya? Hapana. Mimi naenda pale wanasimama."

Hapo nilimkubali. Mbele ya mlango kuna mtaro wa maji na juu yake ubao; hata mwenye kusimama kando lazima aukanyage. Alikifunga kihisi chini ya ubao, akakifunika kwa nailoni kisiingie vumbi. Mbuzi je? Kile kihisi kina skurubu ndogo ya kukipunguzia wepesi wa kuhisi. Akaizungusha kidogo kwa bisibisi, akanituma nivuke. Akaizungusha tena, akanituma nimvushe mbuzi. Asubuhi nzima nilimburura mbuzi wa watu juu ya ubao, majirani wakiuliza kama nimerogwa. Nililalamika, nikanuna, lakini moyoni nasema mashallah, mikono gani hii! Hatimaye mbuzi akapita kigoda kimenyamaza, nami nikapita kikatetemeka.

Ijumaa baada ya swala Ayeyo alikuwa amekaa, mfuko uko miguuni. Mwanawe angefika kesho. Kigoda kikatetemeka.

"Mbuzi," akasema, hakuinuka.

Kikatetemeka tena. Ayeyo akashika goti, akainuka, akaenda kufungua.

Alikuwa rafiki yake, mkongwe kama yeye, ambaye walikua pamoja utotoni kule Hadado. Alikuwa amekwisha kugeuka kuondoka. Wakatazamana.

"Umenitupa," Ayeyo alimwambia kwa Kisomali chao, ambacho siku hizi nakielewa.

Yule bibi akamshika mashavu kwa mikono miwili ili Ayeyo amsome midomo vizuri. "Nimekuja kila Ijumaa," akasema polepole. "Nimetoa salamu zangu tatu. Nikajua wewe ndiye uliyenitupa mimi."

Ayeyo alilia kwa sauti kubwa, kama mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. Wakaingia ndani wameshikana. Baadaye kidogo akachungulia mlangoni, macho mekundu, akaniita.

"Bigia mtoto yangu simu. Ambia aje, lakini mimi siendi mahali. Alete sukari na majani ya chai. Hapa niko na wageni."