Kreni na Sindano ya Ganzi

Mjomba wangu wanamwita Kreni, na jina hilo hakulipata kwa kuimba kwaya. Kazi yake ni kuwahamisha watu: makabati, majokofu, vitanda vya mbao nzito, vyote anavipandisha ghorofani kwa mgongo. Ngiri ilipomtuna kinenani aliibana kwa mkanda mpana, akanyamaza kama aliyemeza kijiko. Kisu hakukiogopa. Aliogopa maumivu ya kuzinduka. Mwenzake wa kazini alimwapia kwamba baada ya upasuaji alipiga chafya moja tu, akamwona marehemu bibi yake.

Mkewe ndiye aliyemfikisha hospitali, tena kwa ulimi. "Ukianguka na jokofu la watu, nizike kipi, wewe au jokofu?"

Daktari alimtuliza: kabla ya kulifunga jeraha, angechoma dawa ya ganzi pale pale alipopasua, ili akiamka maumivu yawe bado yako njiani.

Na kweli. Mjomba aliamka, akakohoa kwa kujaribu, akasubiri. Wapi! Akanikazia macho pale nilipokaa na mkewe. "Mjomba, hawa wamenipasua au wamenibandika plasta tu?"

"Wamekupasua."

"Mbona siumwi?"

Mtu ameyakimbia maumivu miaka, yamekosekana anayaulizia kama ndugu aliyepotea!

Mara wasafishaji wawili wakaingia kutoa kabati la chuma kando ya kitanda chake. Walipinda migongo, kabati likayumba. Mgonjwa mwingine angegeukia ukutani. Kreni, kufumba na kufumbua, ameshashuka kitandani, gauni la hospitali linapepea nyuma, mikono imeshika pembe ya kabati.

"Magoti, jamani! Kunjeni magoti!"

"We baba, acha!" Nesi alipiga ukelele, wodi nzima ikakaa wima. "Ganzi imezuia maumivu, haijaponya kidonda! Nyuzi zikikatika hapo hutajua!"

Mjomba aliliachia kabati kama limewaka moto. Akarudi kitandani. Mkewe akamsogezea mto. Nesi akafunua bandeji. Pakavu. Akamwambia aukumbatie mto tumboni, akohoe. Hakuna kilichotuna.

"Una bahati. Meza vidonge sasa, usingoje ganzi iishe. Kutembea ruksa. Kubeba, sahau mpaka daktari aseme."

"Na kusema, nesi?"

"Sema mpaka uchoke."

"Haya vijana, magoti! Wewe wa kushoto, likumbatie, halikung'ati!"

Kabati likatoka bila kugusa mlango. Mkewe akashusha pumzi. "Afadhali. Mdomo hauna ngiri."

Jioni ganzi ilipoisha, maumivu yakaja. Mjomba alikunja uso, akayasikiliza kama anayepima uzito wa mzigo, kisha akakunjua.

"Haya tu? Miaka yote nayakimbia haya?"

Mkewe akamvutia shuka mpaka kifuani. "Lala, mume wangu. Usije ukayaita na mengine."