Jamvi Kando ya Ukuta wa Boila

Mwanangu, ipo siku moja haijapata kunitoka kichwani, na jana ulipokuja ukakaa hapo mlangoni na hizo ndevu zako mpya, ilinijia yote tangu mwanzo wake. Ulinambia, "Mama mkubwa, nenda kanisemee kwa tajiri anirudishie gari. Nshatubu, kila mtu anajua." Nikakwambia nimechoka, njoo kesho. Kuchoka nilikuwa nimechoka kweli, maana mwili huu sasa hata kuinuka kwenye mkeka nafikiria kwanza. Lakini pia nilikuwa nakukimbia. Maneno hayo hayo nilipata kuyasema mie, kwa mdomo wangu, nikiwa na umri kama wa mke wako, na jibu nililopewa ninalo mpaka leo. Basi kaa nikusimulie, na chai usiiache ikapoa.

Marehemu baba yako mkubwa, Faki, weye ulimjua mzee, mtu wa msikitini na shambani. Ujana wake hukuujua. Siku hizo alikuwa mtu wa moto katika kiwanda kidogo cha mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, huku kwetu Mtambile. Nyie wa skuhizi mnaona karafuu ikishachambuliwa makonyo yanatiwa kwenye magunia yanapelekwa, wala hamuulizi yanakwenda wapi. Yanapikwa kwa mvuke mpaka yatoe mafuta. Mvuke unatoka kwenye boila, na boila ni pipa kubwa la chuma lililojaa maji ya moto, lina kioo cha kuonesha maji yamefika wapi na geji ya kuonesha mvuke una nguvu kiasi gani. Mtu wa moto anatia kuni na anatazama vitu hivyo viwili, basi. Ni kazi ya macho. Akizubaa, maji yakamalizika na moto unawaka, chuma kile kinaweza kupasuka, na kikipasuka hakimchagui mtu.

Nyuma ya ukuta wa boila, upande wa uwani, ndipo sisi wanawake tulipokuwa tukianika makonyo kwenye majamvi. Palikuwa pahala pazuri. Alasiri pana kivuli, na siku za baridi ule ukuta una vuguvugu, unauegemezea mgongo. Tulikuwa tukipagombea. Mie mke wa mtu wa moto, pangu palikuwa pangu, hakuna aliyethubutu kutandika hapo.

Faki alikuwa akinywa. Alianza na tembo la wagema, kisha akaingia kwenye kile kikali cha chupa. Na hakuna aliyemnusa, kwa sababu pale kiwandani sote tulikuwa tunanukia karafuu, nguo, nywele, mpaka pumzi. Nyumbani akija ananukia karafuu hivyo hivyo. Wenzake wachache waliojua walimsitiri, ndivyo tulivyofundishwa, aibu ya mwenzio unaifunika. Nami mwanangu, sitara naipenda, imetuponya mengi kisiwani humu. Lakini siku ile ilikuwa imefunika boila.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Faki amekaa juu ya kuni, kichwa kimeinama, amelewa. Maji kwenye kioo hayaonekani tena. Akapita Shaame, mwenzake aliyekuwa akibeba magunia, akatazama kioo, akatazama moto. Hakupiga kelele, muda wa kelele haukuwapo. Alizivuta kuni zinazowaka akazitupa nje, kwa koleo kwanza, kisha kwa mikono, mpaka tanuri likawa tupu. Aliungua mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Sisi upande wa pili wa ukuta tulisikia kuni zinagongana, tukaendelea na mazungumzo yetu ya harusi. Tulikuja kuambiwa baadaye, na mie nakumbuka niliushika ukuta kwa kiganja, nikakiondoa upesi.

Mwenye kiwanda alikuwa Bi Salma, mjane, mtu wa asili ya Omani. Babu zake walikuwa na mashamba mengi, yeye alibakiwa na kiwanda hicho na miguu mibovu. Alikuwa hapandishi sauti hata kidogo, na kwa hilo tulimwogopa. Alimtoa Faki kwenye moto siku ile ile. Na Faki akatubu. Alikwenda kwa Shehe, akalia, akaanza kuswali safu ya mbele, sijapata kumwona mtu mzima akilia vile. Wallahi alikuwa mkweli. Miezi ikapita yuko nyumbani, majirani wanapita wanasema mtu kesharudi kwa Mola wake, mbona Bi Salma ana roho ngumu. Yakaningia. Nikapika mkate wa kumimina, nikaufunika kwa kawa, nikenda kwake.

Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwaga maneno yangu yote. Faki katubu, Bi. Mola ni msamehevu, na waja nao wasamehe. Mrudishie moto wake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, kesho nikimpa Faki moto, jamvi lako utalitandika wapi?"

Nilitaka kusema pale pale, ukutani. Lakini kichwani niliwaona wanangu wawili wanavyokuja adhuhuri kuniletea maji, wanavyokaa wameegemea ule ukuta. Nikatazama mkate wangu.

Akasema, taratibu vile vile, "Weye unalala naye nyumba moja hujamwamini. Unataka nimwamini mie?" Nikaanza kulia, akaniacha nilie. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile. "Toba ni yake na Mola wake, mie siingii hapo, na wala sina cha kuipimia. Kumsamehe nshamsamehe. Lakini moto si wake, ni wa hao wanaokaa nyuma ya ukuta. Hao ndio anaodaiwa, na deni lao halilipwi kwa machozi."

Akanipa masharti. Aende Chake Chake hospitali, kwa daktari anayezungumza na watu wenye mazoea hayo, na aendelee kwenda. Arudi kiwandani abebe magunia chini ya Shaame. Kila asubuhi apulize kidude cha kupimia ulevi ambacho yeye Bi Salma ameagiza Dar, mfano wa kile cha askari wa barabarani. Na akifika mbali, apewe moto huku Shaame anamtazama. Nikauliza lini. "Lini sijui," akasema, "na nikikutajia siku nitakuwa nakuongopea." Mkate aliupokea, na sahani akanirudishia na sukari ndani, sikutoka mikono mitupu.

Faki alipandwa na hasira. "Mimi nipulizishwe mbele ya wachukuzi? Mimi ninayeswali safu ya mbele?" Ndiyo maneno yako ya jana hayo mwanangu, kasoro wachukuzi, wewe ulisema mautingo. Lakini alikwenda. Akawa anapuliza, na vijana wanamcheka, "Faki, kapige tarumbeta lako." Shaame, na ile mikono yake iliyobaki na makovu, hakumsema neno baya hata siku moja. Alikuwa akimpa magunia mazito tu. Jioni Faki anarudi hasemi, anakula, analala. Nami nilikuwa nimechoka, mchoko wa kumtazama mtu usoni kila akiingia ukijifanya humtazami. Mke wako yumo humo sasa hivi. Mhurumie.

Ulifika wakati akapewa moto. Alikuwa akifanya vizuri, kioo kinang'ara, na Shaame alianza kumwacha peke yake. Lakini majamvi yetu, mwanangu, tangu siku aliyoushika tena moto yalikuwa yamehamia kule langoni, kwenye jua kali, mbali na ukuta. Hakuna aliyetuamrisha. Na langu lilikuwa huko huko. Faki alikuwa akiliona kila siku kupitia dirisha dogo la chumba cha boila, na hakuniuliza, na mie sikumwambia. Tulikuwa tunalijua hilo sote wawili, tukalala nalo.

Kisha mama yake akafariki. Tukazika, tukasoma khitma, na katika wale waliokuja kumpa pole walikuwamo wenzake wa chupa. Siku aliyotakiwa kurudi kazini tulitoka pamoja, anatembea mbele yangu hageuki nyuma. Tulipofika langoni Bi Salma alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kidude mkononi, anakibonyeza hakiwaki. Betri imekwisha. Akamtazama Faki, mtu aliyefiwa, akamwonea huruma. "Pita tu, Faki," akasema. "Leo hakiwaki."

Faki hakupita. Mie nilikuwa nimeinama nakunjua jamvi, nikaona miguu yake haiendi. Akasema, na watu wote wanasikia, "Bi Salma, leo usinipe moto. Jana nimekunywa."

Shaame alitua gunia lake chini, akaingia kwenye chumba cha boila bila ya kuambiwa. Bi Salma akasema, "Haya. Kabebe makonyo. Kesho urudi Chake kwa daktari." Ndiyo akaanza tena tangu chini, magunia, tarumbeta, kicheko cha vijana. Na mie, nisikufiche, siku ile nilimkasirikia sana. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilijiambia kidude kilikuwa kimezimika, nani angejua, angepita akatazama kioo chake akanyamaza. Nilikaa na hasira hizo mpaka alasiri, ndipo nilipofahamu nilichokuwa nakitaka. Nilikuwa namtaka Faki awe mlevi nyuma ya ukuta wangu, mradi nisione haya.

Alikuja kupewa moto tena, baadaye sana. Asubuhi hiyo nilichukua jamvi langu nikapita langoni, nikapita wenzangu, nikenda nikalitandika ukutani, pahala pangu pa zamani. Nilikaa peke yangu siku nzima. Ukuta una vuguvugu lake lile lile. Adhuhuri wanangu wakaja na maji wakaegemea. Faki alitoa kichwa dirishani, akatuona, akarudisha kichwa ndani, na sikumwona tena mpaka jioni. Siku ya pili akaja mke wa Shaame, akatandika lake ubavuni mwangu, akanung'unika kuwa kivuli chote nimekichukua mie.

Basi ndiyo hiyo, mwanangu. Kwa tajiri wako sitakwenda. Askari alikusimamisha na gari limejaa watu wa Konde, akakupulizisha, kidude kikasema umekunywa. Hapana haja ya mie kwenda kusema zaidi ya kidude. Nenda mwenyewe, umwambie akupe kazi ya kuosha gari na kupakia mizigo, na kila asubuhi umpulizie, hata akisahau kukwambia. Hospitali usiache kwenda kwa sababu umejiona mzima. Usimuulize lini. Wakikucheka waache wacheke, wana haki yao, ni wao waliokuwa wamekaa humo garini. Toba yako ishike, ni mali yako na usiifanye hati ya kudaia usukani. Na siku ukiamka vibaya, iwe una cha kujitetea au huna, iwe kuna wa kukupima au hakuna, sema mwenyewe, leo si mie, muweke mwengine. Siku hiyo utaona aibu, na utarudishwa nyuma, na utasema mama mkubwa alinipoteza. Nakwambia mapema ili usije ukastaajabu.

Lakini ukishalisema neno hilo na mdomo wako, niletee habari, hata kwa kumtuma mtoto. Na siku utakayorudishiwa usukani baada ya hapo, mie na miguu yangu hii nitakuja Konde, nitapanda gari lako, nitakaa mbele ubavuni mwako, nisinzie mpaka Wete.

Haya, nyanyuka, chai imepoa. Mola akutilie nuru machoni, aupe ulimi wako ujasiri kuliko mikono yako, akufikishe salama weye na kila aliyekaa nyuma yako. Amin. Nipe mkono niinuke, alasiri imeingia.