Tovuti ya Chaki

Bosi wa ofisi yetu ya usanifu, hapa Singida mjini, hapangi tovuti mpya kwenye kompyuta. Anavua viatu, anaichora sakafuni kwa chaki, kisha anatutembeza juu yake kama wateja. "Wewe, usiruke ukurasa!" Sketi yake haikosi alama nyeupe za viganja. Safari hii ilikuwa tovuti ya ofisi yetu wenyewe, na ukurasa wa kwanza ulikuwa sura yake mwenyewe, imejaa mlangoni. Jana akaingia mzee kutoka Mtinko, akasimama juu ya pua ya bosi, ile ya chaki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka lebo ya mafuta yangu ya alizeti. Nianzie wapi?"

Bosi akaitazama sakafu. Akaifuta sura kwa unyayo, akabakiza tabasamu tu, na chini yake akaandika: "Karibu. Unahitaji nini?"