Kura za Mama Kaswera

Kaswera alikuwa mjane wa Musienene, muuza maharagwe. Vita vilimuulia mume, vikajaza njia ya Butembo vizuizi vya askari. Kwenye kila kizuizi askari walichota bakuli la maharagwe kwa kila mama anayepita. Siku moja Kaswera alikataa, akapigwa kitako cha bunduki begani, na bado hakufungua gunia. Tangu siku hiyo akina mama wa soko walimsikiliza yeye.

Mwaka 2006, uchaguzi wa wabunge ulipokaribia, Stanislas, tajiri mmoja wa Butembo, alimfuata nyumbani.

"Mama, ingia mu liste yetu ya bakandida. Mimi wa kwanza, weye wa pili. Tutaondoa ile mabarrière yote."

Kaswera akatia sahihi. Kwenye karatasi palikuwa na nafasi ya suppléant, yule wa kushika kiti mbunge akiondoka. Akaandika dada yake, Séphora, asiulize zaidi.

Alitembea kwa miguu hadi Kasugho, akilala kwa watu wa kanisa. "Munipigie kura, maharagwe yenu ibakie yenu," aliwaambia. Siku ilipofika, akina mama walipanga foleni tangu alfajiri, wakaitafuta sura yake kwenye karatasi pana kama kitambaa cha meza.

Kura za wote waliokuwa kwenye liste zilijumlishwa pamoja, liste ikapata kiti kimoja. Stanislas alimzidi Kaswera kidogo tu, kiti kikawa chake. Kaswera hakununa. Pasipo kura zake kiti kisingepatikana, na kila mtu alilijua hilo.

Baadaye Stanislas akapewa uwaziri, na waziri haruhusiwi kukalia kiti cha ubunge. Musienene ikajaa vigelegele: wa pili sasa ndiye angeingia. Wakamshonea Kaswera kikwembe kipya cha kitenge, mchungaji akamwombea safari ya Kinshasa. Kisha redio ikatangaza anayeingia bungeni: Joyeuse, binti wa Stanislas, ambaye Musienene hajawahi kuikanyaga.

Kaswera akapanda pikipiki hadi ofisi ya uchaguzi. Karani, Ézéchias, alikuwa muumini mwenzake, akamfungulia faili.

"Mama, wa pili mu liste haiko suppléant. Kila kandida anachagula wake. Yeye aliandika mutoto wake. Weye uliandika Séphora."

"Na kura yangu?"

"Ilisaidia liste."

"Donc, kumbe nilimubeba ku mugongo mupaka Kinshasa."

Ézéchias aliinama, akafunga faili.

Vizuizi havikuondoka. Sokoni Agar, jirani yake wa meza, alimwambia mbele ya wateja: "Ni weye ulitudanganya. Yule tajiri sisi hatukumujua."

Kaswera akaendelea kuwapimia wateja maharagwe.

Mwaka 2011, uchaguzi mwingine ulipokaribia, watu wa Stanislas walirudi kumtafuta. Akawafungia mlango. Wakampata Débora, mjane kijana wa kwaya. Kaswera akamfuata, akamweleza yote, tangu sahihi hadi faili.

Débora alimsikiliza hadi mwisho. "Mama," akasema, "weye unanionea wivu."

Wiki iliyofuata picha ya Débora ilikuwa imebandikwa soko zima, chini ya ile ya Stanislas, anatabasamu.