Mama Balbu Ahama Chumba Kuwapisha Vifaranga

Saa mbili asubuhi, mvua ya rasharasha haijakatika tangu jana, na Mama Balbu amepiga magoti katikati ya chumba chake cha kulala. Kitanda kimehamia sebuleni. Mahali kilipokuwa pana duara la kadibodi, maranda ya mbao yaliyotandazwa, na balbu mbili zinazoning'inia kwa waya. Anaweka kiganja juu ya maranda kupima joto, anakiondoa, anasogea, anakiweka tena.

Vifaranga mia moja wanaletwa saa nne. Hana raha kabisa. Ndani ya nusu saa amechungulia barabarani mara sita, na chai aliyomiminiwa na mumewe imepoa hajaigusa.

Kazi yake ni kulea vifaranga wa watu. Msimu wa baridi, majirani humwachia wiki tatu za kwanza, kisha huja kuwachukua wakishaota manyoya. Hulipwa kwa wanaotoka hai tu. Wengi humsifu, ila mwaka jana aliteleza.

Ilikuwa baridi kama hii, umeme ukakatika. Aliingiza jiko la mkaa, akafunga dirisha, akaziba mwanya wa mlango kwa shuka. Vifaranga sitini wa jirani yake, nesi mstaafu, walikufa wote. Yeye mwenyewe, aliyekuwa amekaa kuwalinda, alitolewa na mumewe akiwa hajitambui.

"Niliona nawahurumia," anasema bila kuinua macho. "Kumbe nawajazia moshi wa sumu. Watu wote walikuja kunipa pole mimi."

Siku hizi jiko haliingii ndani ng'o. Umeme ukikatika, anajaza maji ya moto kwenye madumu, anayavika matambara na kuyapanga ndani ya duara. Dirisha nalo, baridi iume isiume, linabaki wazi vidole vitatu. Mama mkwe amelalamika mpaka amechoka. Mumewe, fundi cherehani, analala karibu na mashine yake na kusema kwa utani kwamba ameoa kuku.

Vifaranga wa leo ni wa nesi yule yule. Hajawahi kumlaumu, na hilo ndilo linalomkosesha Mama Balbu usingizi. Angefokewa, anasema, angalau angejua yamekwisha.

Saa nne na robo nesi anaingia na maboksi mawili, koti limelowa. Kabla ya yote anatazama dirisha.

Wanawashusha mmoja mmoja, kila mmoja akichovywa mdomo majini ajue pa kunywa. Vifaranga wanarundikana chini ya balbu: wanasikia baridi. Mama Balbu anazishusha balbu kidogo, anatoka, anarudi, anatoka tena. Baada ya dakika ishirini wanaanza kusambaa. Wengine wanadonoa, wengine wanajilaza, na makelele yanapungua.

"Mwanangu," nesi anamwambia, "siku ile nilikaa kitandani kwako zahanati nikihesabu pumzi zako. Vifaranga sikuwakumbuka hata kidogo."

Mama Balbu anakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na machozi yanamtoka waziwazi.

Kiangazi anapanga kujenga banda uani, lenye madirisha mawili. Lakini kwanza kuna hizi wiki tatu.

"Nataka nimkabidhi mia moja kamili," anasema. "Tisini na tisa atawapokea kwa moyo mweupe, najua. Mimi ndiye sitaweza."

Anayasema hayo akiwa ameshasimama, kiganja kimerudi kwenye maranda.