Siku Nilipojiandika Nilikuwepo

Nimeona aheri niliseme mwenyewe, maana wengi wenu mmeshalisikia kwa watu wengine na huko limetiwa chumvi (wapo wanaosema nilizimia pale msibani, sikuzimia, ingawa siku ile ningeshukuru kuzimia). Nina miaka hamsini na mbili na nimeaibika mara nyingi, lakini aibu nyingine zote zilinihusu mimi tu. Hii ilimgusa marehemu.

Nilikuwa katibu wa jumuiya yetu huko nyumbani Muleba, familia kumi na tisa zinazosali pamoja kila Jumamosi alfajiri, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Kazi yangu ilikuwa kutunza daftari la mahudhurio, na naomba mniamini, daftari lile lilikuwa zuri. Mistari nilipiga kwa rula. Aliyekuja aliwekewa vema kwa wino wa bluu, asiyekuja kistari chekundu, na kila mwisho wa mwezi katekista alilichukua akalipeleka parokiani kukaguliwa. Kwetu utaratibu ni kwamba asiyefika jumuiya miezi mitatu mfululizo bila taarifa anahesabiwa kuwa amejitenga, na akifa, Padri haji kumzika. Mimi ndiye niliyekuwa nausoma utaratibu huo mbele ya watu, kwa sauti, huku nimevaa miwani.

Siku za kazi nakaa Bukoba mjini, natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, Ijumaa jioni narudi nyumbani, Jumapili baada ya misa naondoka. Sasa ile Jumamosi ya mvua, nayo ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, niliamka saa kumi na moja, nikasikia bati linavyopigwa, nikafikiria matope ya kwenda kwa Mwalimu Leonida, makamu mwenyekiti wetu, maana ratiba ilisema tusalie kwake, nikajifunika blanketi. Hivyo tu. Sikuumwa wala sikuwa na mgeni. Nilijiambia katika mvua ile hakuna mtu atakayetoka, nikalala hadi saa tatu, nikanywa chai.

Kesho yake asubuhi katekista akawa analitaka daftari kabla ya misa ya kwanza. Ningeweza kumwambia sikuwepo, muulize Mwalimu majina. Ni sentensi fupi. Lakini mtu aliyewasomea wenzake kuhusu utoro miaka sita, sentensi hiyo haimtoki, kwa hiyo nikakaa mezani, nikalijaza kwa mazoea: wanaokujaga siku zote nikawapa vema, wasiokujaga nikawapa kistari, nikajipa na mimi vema yangu, nzuri, ya bluu. Baada ya misa nikatoka kwa mlango wa pembeni ili nisiulizwe na mtu nilikuwa wapi, nikapanda gari la kwenda mjini. Wiki iliyofuata tulikuwa na hesabu ya mali stoo, sikurudi nyumbani.

Miongoni mwa niliowapa kistari alikuwa Ta Kalori. Huyu alikuwa mzee wa shamba la migomba, kibanja cha pili kutoka barabarani, aliyegombana na mwenyekiti wetu kwa ajili ya mpaka, akaapa hatakanyaga jumuiya wakati mwenyekiti ndiye yule. Vistari vyake vilikuwa vimejipanga kama wanafunzi mstarini, na kile cha Jumamosi ya mvua kilitimiza miezi mitatu.

Siku kumi baadaye Ta Kalori akafa.

Nilipigiwa simu Jumanne nikiwa stoo. Familia ilitaka barua ya jumuiya kwa Padri. Mwenyekiti naye alikuwa hukohuko mjini, Nshambya, wiki ya tano sasa, binti yake amejifungua, kwa hiyo nikamfuata na karatasi.

"Daftari linasemaje?" akaniuliza, mjukuu mkononi.

"Miezi mitatu kamili."

Akamhamishia mjukuu mkono wa pili. "Mimi na yule tuligombana, watu watasema nalipiza. Wewe andika kama daftari linavyosema, usiongeze, usipunguze."

Nikaandika. Akasaini, kesho yake nikaipeleka parokiani. (Ile karatasi ilikuwa na mwandiko mzuri, hilo nalo linaniuma.)

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Watoto wake walishafika kutoka Mwanza na Dar, turubai limefungwa, majani yametandikwa uani, jeneza liko sebuleni, watu wamejaa mpaka ndani ya migomba, na wote wanamsubiri Padri wa saa nane. Saa nane na robo akaja katekista kwa bodaboda, peke yake, akanong'ona na Philbert, mtoto mkubwa wa marehemu. Philbert akasimama.

"Ndugu zangu, naambiwa Padri haji. Naambiwa baba alijitenga na Kanisa. Naomba anayejua sababu atuambie hapahapa, maana mimi nimemleta mama yangu mpaka kwenye kiti hiki nikimwambia misa ipo."

Hapo ningeweza kunyamaza, na hakuna aliyenitaja. Lakini daftari lilikuwa kwenye mfuko wangu (nililichukua parokiani nilipopeleka barua, nikaja nalo msibani, kama mtu anayekwenda kukaguliwa), na nikajisikia kwamba utaratibu unahitaji mtetezi. Nikainuka, nikavaa miwani, nikatoa pole, nikafungua ukurasa. Nikasoma Jumamosi moja baada ya nyingine. "Hayupo. Hayupo. Hayupo." Nilisoma polepole, ili nieleweke. Nilipofika ile ya mwisho wa mwezi nikasema tena, "Hayupo," nikalifunga.

Mjane, Ma Paskazia, alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Akakiinua.

"Katibu, mwanangu. Hiyo ya mwisho ndiyo Jumamosi ya mvua kubwa?"

"Ndiyo, Ma."

"Na wewe ulikuwepo?"

Nadhani mtu mwenye akili angesikia kitu katika sauti ile. Mimi nikasema, "Nilikuwepo, Ma. Nimeandikwa hapa."

"Mlisalia wapi?"

"Kwa Mwalimu Leonida, kama ratiba ilivyosema."

Mwalimu Leonida alikuwa amekaa pamoja na akina mama, upande wa jikoni. Akasimama taratibu, anajifunga kanga vizuri.

"Katibu, kwangu hakuna aliyesali siku hiyo. Alfajiri Ta Kalori alimtuma mkewe kwangu kwenye mvua hiyohiyo, akasema njooni msalie kwangu, nimechoka na ugomvi, nataka kurudi. Tulikuja hapa. Tulikuwa tisa. Tulikaa kwenye chumba hichohicho lilimolala jeneza, na yeye mwenyewe ndiye aliyesoma somo."

"Akaomba msamaha," Ma Paskazia akasema. "Mbele ya watu. Akasema mwenyekiti akirudi kutoka Nshambya apelekewe salamu zake."

Mwenyekiti alikuwa amekaa safu ya mbele. Nilimwona akiweka mikono usoni, wala hakuitoa.

"Majina nilikuandikia kwenye karatasi," Mwalimu akaendelea, sasa sauti inapanda, "imo kwenye Biblia yangu mpaka leo. Nilikungoja Jumapili baada ya misa, nikuone, nikupe. Ulipitia wapi?"

Nikaanza kulirudisha daftari mfukoni. Na kama hilo halikutosha, kutoka nyuma, kwenye migomba, sauti ya mwanamume ikauliza, "Hebu Katibu, angalia na mimi, Rwegasira, siku hiyo umeniandikaje?"

Nikafungua (kwa nini nilifungua? mpaka leo sijui, nadhani ni mazoea ya kutii ukikaguliwa). "Yupo," nikasema.

"Waitu! Mimi siku hiyo nilikuwa Kemondo tangu Ijumaa, nafuata samaki!"

Watu wakacheka. Msibani, mbele ya jeneza, watu walicheka, na wengine wakaziba midomo, na mwingine akasema hata hakupunguza sauti, "Mwenye nyumba hayupo, watoro wote wapo! Daftari la mbinguni hilo!" Philbert hakucheka. Alikuja mpaka niliposimama, akaninyang'anya daftari, bila nguvu, nililiachia mwenyewe, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, ulikuwa wapi?"

"Nililala," nikasema.

"Ulilala."

"Nililala."

Tulimpigia Padri. Simu ilikuwa imezimwa, alikuwa Bukoba kwenye mkutano. Tukapiga ofisi ya parokia, tukatuma bodaboda, mwenyekiti mwenyewe akaondoka na gari la Philbert kumfuata. Tulisubiri. Saa tisa, saa kumi, saa kumi na nusu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mti wa kahawa, hakuna aliyenifukuza wala aliyekuja kusimama na mimi, nikawa nahesabu watu wanaoondoka kwa sababu ndilo jambo pekee ninaloliweza: arobaini na mmoja kabla mvua haijaanza, baada ya hapo sikuweza tena kuhesabu. Maji yakaanza kuingia kaburini. Wazee wa ukoo wakasema haiwezekani, azikwe. Katekista akatoa kitabu chake, akasema atabeba lawama mwenyewe, akasali sala za maziko akiwa amefunikwa mwavuli, na wanakwaya sita waliobaki wakaimba bila kinanda. Ta Kalori akashushwa hivyo, mtu aliyekuwa amerudi nyumbani siku kumi na mbili tu, na kwenye karatasi yenye saini alikuwa bado yuko nje.

Padri alikuja wiki iliyofuata, akasoma misa kaburini. Tulikuwa kumi na wanne. Watoto wa Mwanza na Dar walishaondoka.

Nilikwenda kuungama. Sitawaambia yote, lakini Padri hakunigombeza, na nilitamani anigombeze. Alisema na yeye alisaini barua ile bila kuuliza, na kwamba malipizi yangu si rozari, ni kwenda kwa yule mama. Nikaenda. Ma Paskazia alikuwa anamenya ndizi. Alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Mimi nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Usiku ule wa mazishi nilishakusamehe, nisingelala. Lakini mume wangu siwezi kumsemea."

Akanifungia ndizi chache niende nazo, nikazibeba mpaka nyumbani na sikuweza kuzila.

Sasa daftari analo Mwalimu Leonida, halina rula, na liko sawa. Mimi nasali, lakini nitakuwa mwongo tena nikisema nasali kama zamani. Naanza sala, nafika katikati, naona kile chumba, mvua inanyesha, watu tisa wamekaa, mzee anasoma somo, na mimi niko chini ya blanketi. Nilidhani imani ni kitu mtu anacho ukishamwandika kwamba anacho. Sijui nilijifunza wapi.

Nadhiri niliyoiweka ni ndogo, nawaambia ili mnishike nayo: sitaandika tena nisichokiona, na sitasema nilikuwepo mahali ambapo sikuwepo. Nyinyi mtadhani baada ya yote haya mimi sikosi jumuiya. Jumamosi iliyopita ilinyesha. Kesho yake Mwalimu alinikuta mlangoni mwa kanisa, ule mkubwa, akaniuliza mbele ya watu, "Jana hatukukuona, ulikuwa wapi?"

Walikuwepo kama watu saba. Nikamwambia nililala.