Kopo limeandikwa BIBI, lakini bibi gani?

Kamwene wakuu. Naona humu wote mnaitana wakuu, basi na mimi bibi wa Njombe nitawaita hivyo hivyo. Shule niliishia darasa la nne, naandika kwa kidole kimoja, mtanivumilia.

Haya yamenitokea mimi, na aibu yake ni yangu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Naishi na mwanangu Festo, mkewe Neema na binti yao Faraja, wa miezi minane. Neema ni karani mjini, anatoka asubuhi anarudi jioni. Mtoto anashinda na mimi.

Nimelea watoto sita. Melania, Oska, Tabitha, Festo, Yusta, Lameki. Wote walikula uji na viazi vya kuponda vya mikono hii, na hakuna aliyetema.

Faraja akatema.

Nikimpa uji anafunga mdomo. Nikimpa viazi anavisukuma nje kwa ulimi, taratibu, huku ananitazama machoni.

Sasa mama yake Neema, mkwe wangu Eda, yuko Makambako. Ana gesi, ana blenda, ana friji kubwa kuliko hii ndogo yetu. Akaanza kututumia vikopo. Malenge na maziwa, viazi na karoti. Anavigandisha, anavifunga na magazeti, na kila Jumamosi vinapanda gari ya Chesko, dereva wa hukohuko, mpaka hapa.

Na kila kifuniko ameandika kwa kalamu nyekundu: BIBI.

Kama vile nyumba hii haina bibi!

Neema akitoka ananiambia, "Mama, saa nne usisahau kopo la Bibi." La Bibi. Na mimi niliyempakata mtoto ni nani, dada wa kazi?

Kibaya zaidi, mtoto anakula. Anapanua mdomo kama kifaranga. Mimi ndiye nimeshika kijiko, sifa zinapigiwa simu Makambako. Nikawa nasema maneno mabaya, eti chakula cha barafu kitamletea mtoto kikohozi. Neema alikuwa anachukua pochi yake anaenda kazini.

Jumamosi moja Chesko akaniambia, "Bibi, kwetu umeme umekatika tangu jana." Kufungua vikopo, vyote vimechacha.

Nikafikiri. Nikisema vimeharibika, nani ataniamini na mdomo wangu ule? Watasema ni wivu.

Nikamwaga vyote kwa nguruwe. Nikaosha vikopo kwa maji ya moto, nikapika vya kwangu. Nikachemsha viazi na karoti mpaka vikalainika kabisa, nikaponda, nikapitisha kwenye chujio la chai mara mbili, nikaonja, nikasubiri vipoe. Nikajaza. Nikafunika na vifuniko vilevile vya BIBI.

Wakuu, mtoto alimaliza. Akalamba kijiko.

Jioni Neema akaona kopo tupu, akapiga simu palepale. "Mama! Leo kamaliza lote, umeweka nini?" Nikamsikia Eda anacheka kule kwenye simu. Wala hakukataa.

Hapo ndipo wivu ulipokuwa ugonjwa. Maana sasa nilikuwa namwonea wivu kwa chakula changu mwenyewe.

Ningesema siku ile yangeisha. Sikusema. Wiki iliyofuata vikafika vizima, umeme ulikuwepo, na bado nikapika vya kwangu. Nilitaka nijue kama ile ilikuwa bahati. Haikuwa bahati. Ikawa hivyo wiki tano.

Mtaniuliza vya Eda nilivipeleka wapi. Nilikula. Nilikaa jikoni nikala malenge ya mtoto, na Mungu anisamehe, yalikuwa matamu.

Kliniki mtoto akaongezeka uzito. Neema akarudi na kadi anacheka, akanikalisha.

"Mama, tumeongea na Festo. Naona Faraja akakae Makambako kwanza, mpaka atembee. Chakula cha Bibi ndicho kinachomkubali."

Nimempikia mjukuu wangu mpaka nanyang'anywa.

Jumamosi Eda akaja mwenyewe kumchukua. Nguo za mtoto ziko kwenye begi. Akasema amlishe kabla ya safari, akapasha kopo alilolikuta kwenye friji yetu, akaonja kwenye kiganja.

Akaonja tena.

"Neema, mbona hiki kina moshi?"

"Moshi gani mama?"

"Moshi wa kuni. Mimi napikia gesi."

Festo akanigeukia. Huyu alitoka tumboni mwangu, ananijua. "Mama?"

Nikasema, "Ni cha kwangu. Vyote ni vya kwangu, tangu umeme ulipokatika Makambako."

Neema machozi yakamlenga. "Wiki zote hizo? Na vya mama yangu?"

"Nimekula."

Halafu Eda akapiga kofi paja lake. "Mkwe! Umekula malenge yangu yote? Yalikuwaje?"

"Matamu. Ila chumvi hamna."

"Mtoto hawekewi chumvi, mkwe!"

"Mtoto sikumwekea. Nilijiwekea mimi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Neema hakucheka. Alisema, "Ungeniambia tu mama, ningekushukuru wewe." Hilo liliniuma kuliko kufokewa. Kisha akafungua begi, akaanza kurudisha nguo moja moja kabatini.

Nimelifikiria sana hili jambo. Mwanzo nilikuwa napika kwa haraka, mabonge, nampa cha moto, nikijiambia nimelea sita, mtoto atanifundisha nini. Nilipopika kwa jina la mwenzangu, ndipo nilipochuja mara mbili. Chakula hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa kiburi changu. Bibi wenzangu, onjeni chakula cha mtoto kabla hamjamlaumu, na kikiharibika kitu semeni siku ileile.

Wiki iliyopita Chesko kaleta mzigo. Vikopo vitupu, vipya, na vifuniko vyake. Eda kaandika kama kawaida, BIBI. Nikampigia kumuuliza, akasema, "Mkwe, jina si lilelile? Jaza tu."

Najaza. Ila sitawadanganya, wivu haujaisha. Jumapili alikuja kutusalimu na mtoto akamrukia yeye kwanza, mimi nimesimama hapo na kijiko mkononi.

Nyie wenye wakwe, mnafanyaje? Niambieni, nasoma polepole lakini nasoma zote.